Jeli ya Drusilla na Wanawake wa Egesangio

Wifi yangu Drusilla alipoanza kuugua mikono, mlima mzima uligeuka hospitali. Jirani mmoja alimwambia ni baridi iliyomwingia kwa kufua nguo mtoni mapema baada ya kujifungua, ingawa kitinda mimba wake sasa yuko sekondari. Mwingine alimwambia atembee na kiazi kibichi mfukoni, kiazi kikinyauka ugonjwa utakuwa umehamia humo. Mzee Bosire wa kanisa letu, mtu ambaye hajawahi kuosha hata kikombe anachonywea, alimshauri azidishe kazi ili viungo vilainike. Drusilla aliwasikiliza wote, akawashukuru wote, na kiazi akakiweka mfukoni. Mimi nilipokiona nilikitupa kwenye migomba. Hiyo ndiyo tofauti yetu: yeye hawezi kumkatalia mtu, na mimi nimezaliwa nikikataa, ndiyo sababu niliolewa nikarudi nyumbani kwa baba yangu.

Naitwa Ruth. Drusilla ni mke wa kaka yangu Omwenga, na mlango wangu unatazamana na wao. Nina cherehani sokoni Masimba, nashona sare za shule, kwa hiyo mchana siko nyumbani na umbea wa mlimani hunifikia ukiwa umepoa. Wanasema nina mdomo. Ninao, na nimeona wanaokosa mdomo wanavyotendwa.

Drusilla alikuwa mchumaji wa majani chai. Sisemi mchumaji kama mimi, ninayechuma huku nikiulizia chakula kitaiva lini. Yeye alikuwa akiingia shambani mikono yote miwili inafanya kazi kwa pamoja, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kikapu kinajaa mgongoni huku anaongea nawe bila kutazama chini. Halafu ikaja asubuhi ambayo hakuweza kufunga vifungo vya sweta. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba mikono yote miwili sawasawa, ukivigusa ni vya moto. Omwenga akamfungia vifungo. Ikawa kazi yake ya kila asubuhi, pamoja na kuepua sufuria na kukamua nguo. Kaka yangu ana kasoro zake, lakini hilo alilifanya bila kunung'unika, na alichekwa na wanaume ambao wake zao huwafungia hadi kamba za viatu.

Nilimpeleka hospitali Kisii mimi mwenyewe. Huko hawakumwambia habari ya mto wala kiazi. Walisema ni baridi yabisi, ile mbaya, ambapo askari wa mwili wenyewe wanaugeukia mwili na kutafuna viungo, na kwamba asipotibiwa mapema vidole vitapinda na havitanyooka tena. Wakampa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Vidonge vilipunguza uvimbe, sitavisingizia. Lakini mdomo ulimtoka vidonda, akawa anatapika hadi maji, na damu yake ilipopimwa ini likaonekana linaumia. Daktari akamwambia aviache. Alipoviacha vidole vikavimba upya, na vya mkono wa kushoto vikaanza kuinamia upande mmoja.

Hapo ndipo tulipomjua Daktari Akong'o. Ni msichana wa kutoka kando ya ziwa, mwembamba, anayeongea polepole kama anayeogopa kuamsha mtoto, na alikuwa akifanya utafiti katika kliniki moja mjini. Alituambia wanajaribu dawa ile ile ya vidonge, ila imetengenezwa kuwa jeli ya kupaka. Mimi nikamwambia za kupaka tunazo tele, kila siku ya soko Keroka kuna kijana mwenye kipaza sauti anaziuza, zinatibu mgongo, ndoa na mtihani.

Hakucheka wala hakuchukia. "Hiyo ya kijana inakaa juu ya ngozi, inawasha tu," akasema. "Sasa hii, dawa imefungwa ndani ya vipovu vya mafuta. Vipovu vidogo mno. Ukichukua unywele wako mmoja, vipovu mia na zaidi vinaweza kujipanga kwa upana wake. Udogo wa namna hiyo ndio wanauita nano. Vinajipenyeza kwenye ngozi, vinaingia hadi palipovimba, vinaachilia dawa hapo hapo. Ile ya kumeza inazunguka mwili mzima. Tumbo linapata, ini linapata, kidole kinapata makombo."

Nilimwelewa, na sipendi kumwelewa daktari kwa haraka hivyo. Drusilla aliuliza swali moja tu, kama jeli itamwacha achume majani. Akong'o akasema hajui, ndiyo maana wanajaribu. Kisha akampa masharti, akayarudia kwa upole hadi nikachoka kuyasikia. Apake asubuhi na jioni kiasi alichoonyeshwa, asipunguze. Aache mikono wazi hadi ikauke, asiguse kitu wala mtu. Asimpe mtu mwingine hata tone, na zaidi ya yote asimpe mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa sababu dawa hii huharibu mtoto tumboni. Drusilla mwenyewe alikuwa amefunga uzazi zamani. Akaapa. Nilikuwa nimekaa pale, nilimsikia.

Sasa niwaeleze kuhusu egesangio, kwa sababu ndiko mambo yalikoharibikia. Egesangio ni wanawake wanaochumiana majani kwa zamu, leo shambani kwangu, kesho kwako. Ukilisikia likisimuliwa na wageni wa kutoka Nairobi ni jambo tamu, umoja, upendo. Mimi nilijitoa mwaka niliporudi nyumbani. La Drusilla liliongozwa na Bonareri, ambaye tunamwita Mama Sylvanus, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe hata akikuomba chumvi. Bonareri aliweka desturi kwamba kinachomjia mmoja kutoka nje ni cha wote. Yalipokuja mashirika kugawa miche ya parachichi, waliopata waliwakatia wasiopata. Kuku wa kisasa walipoletwa, vifaranga vikagawanywa. Mbuzi wa maziwa ambaye Bonareri alipewa na kanisa ndiye peke yake ambaye desturi haikumkuta. Maziwa yake yananywewa nyuma ya mlango uliofungwa.

Wakati wote Drusilla akiumwa, egesangio waliendelea kumchumia bila yeye kurudisha zamu. Hilo ni la kweli na ni jema, na Bonareri hakumwacha asahau hata siku moja. "Tulikubeba, Mama Mose," alikuwa akimwambia mbele za watu, akimwita kwa jina la mwanawe, mkono begani, akitabasamu.

Jeli ikaanza kufanya kazi. Hakukuwa na muujiza. Asubuhi moja nilimwona Drusilla ameshika kikombe kwa mkono mmoja, nikasimama mlangoni kwangu nikimtazama, na nasema wazi kwamba nilifurahi hadi nikasahau pini za kushonea nilizokuwa nimezibana mdomoni. Baadaye akaanza kumenya ndizi mwenyewe. Vidole vya kushoto viliacha kuinama zaidi. Akong'o alimminya vifundo kimoja kimoja na kumuuliza maswali yake, akaonekana kuridhika.

Lakini mlimani kwetu huwezi kupona hivi hivi. Kupona kunahitaji kuelezwa. Drusilla, kwa kutii masharti, alikuwa akijifungia chumbani jioni, anapaka, anakaa kitandani amenyoosha mikono mbele kama aliyewekwa chini ya ulinzi, hasemi, hagusi, anangoja ikauke. Bonareri alikuja kuomba moto wa jikoni, akapita dirishani, akamwona. Hakuomba moto tena. Alikwenda moja kwa moja kituo cha kununulia majani, na kabla mizani haijafungwa habari zilikuwa zimepita: Mama Mose siku hizi anajipaka kitu, amejifungia, mikono inang'aa, na kitu chenyewe hakina harufu.

Kuhusu hiyo harufu nitacheka hadi nife. Watu wangu wanaamini dawa ni lazima iwashe, inuke, ikutoe machozi. Isiyonuka haiwezi kuwa dawa, na kama si dawa basi ni kile kingine. Na hapa kicheko kinaniisha, kwa maana kwetu kile kingine si mzaha. Mwanamke anayejipaka kitu kisichojulikana, kisha akastawi wakati wenzake wanaumwa magoti, anaweza kuitwa omorogi, mchawi, na akishaitwa hakuna anayeuliza ushahidi. Wapo akina mama waliochomewa nyumba wakiwa ndani kwa neno dogo kuliko hilo, na waliowachoma tunasalimiana nao kila Sabato kanisani, wanaimba sauti ya pili.

Drusilla alilisikia neno hilo kabla yangu. Hakuniambia. Hakumwambia Omwenga. Alikata shauri kwa akili yake yenye woga: mchawi huficha, basi yeye atatoa hadharani. Mchawi hagawi, basi yeye atagawa.

Niligundua siku niliyofunga duka mapema kwa sababu ya mvua. Nilipita shambani kwa Bonareri ambako egesangio walikuwa wamemaliza kuchuma. Wanawake walikuwa wamepanga mstari chini ya paa la zizi, mikono mbele, viganja juu, wametulia kama wanaongoja meza ya Bwana. Drusilla alikuwa akipita na tyubu, anamminyia kila mmoja tone. Bonareri alikuwa wa kwanza, ameshajipaka goti na sasa anataka na kiuno. Mmoja alikuwa anajipaka shingo. Mmoja alikuwa anajipaka paji la uso kwa ajili ya kichwa kinachomuuma. Wengi hawakuwa na ugonjwa wowote zaidi ya kuchoka, ambao hauna jeli.

"Inapoza," Bonareri alisema. "Hii dawa ni nzuri. Ni vile tu ni kidogo."

Nilimvuta Drusilla pembeni kwa mkono wa sweta. Nilimuuliza kama ameshikwa na wazimu. Nilimuuliza alikuwa akimwapia nani kule mjini, daktari au ukuta. Aliniangalia na yale macho yake ya kuomba radhi, akanijibu kwa sauti ndogo: "Ruth, wewe una cherehani. Mimi nina majirani."

Nilikuwa na jibu, huwa ninalo, lakini macho yangu yalikuwa yamemfikia wa mwisho kwenye mstari. Alikuwa Linda, mke wa Sylvanus, mkwe wa Bonareri, ameolewa juzi tu. Alikuwa amenyoosha mkono mmoja apokee tone lake, na kwa mkono mwingine alikuwa akipeleka kitu mdomoni na kukitafuna kwa mlio wa changarawe. Ilikuwa odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni karibu na dagaa. Hakuna msichana anayetafuna odowa hivyo kwa njaa. Sote tuliozaa tunajua hamu hiyo inatoka wapi. Bonareri, mwenye macho ya kuona chumbani kwa watu kupitia dirishani, hakuwa ameona mimba iliyokuwa ikila sahani moja naye.

"Amekuwa akipaka kwa muda gani?" nikamuuliza Drusilla.

Naye akamwona. Sijawahi kumwona mtu akibadilika rangi namna ile. Alikwenda akamnyakua Linda mkono, akaufuta kwa kitambaa chake cha kichwa, akamburura hadi kwenye mtungi na kuuosha, anasugua kwa vile vidole vyake vinavyouma, huku msichana anashangaa na Bonareri anapiga kelele kwamba mkwe wake ananyimwa.

Tulipofika nyumbani mimi nilikuwa nimeshapata mpango. Mipango yangu huwa mizuri. Nikasema tumpeleke Linda kwenye zahanati yoyote, apimwe mimba, aonekane yuko salama, na habari za jeli ziishie hapo. Drusilla ataacha kugawa. Akong'o hatajua. Mikono itapona. Omwenga alitikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza, na nilijua anafikiria vifungo, sufuria, na miaka iliyobaki.

"Zahanati itaangalia nini?" Drusilla akauliza. "Hawaijui dawa hii. Anayeijua ni mmoja."

"Ukimwambia atakutoa," nikasema.

"Najua."

"Utapinda mikono kwa ajili ya mjukuu wa Bonareri."

"Mtoto bado si wa Bonareri," akasema. "Bado ni wa Linda." Akaenda kulala. Nilibaki nimekaa na hasira zangu, na mwenye kustahili kukemewa alikuwa kwake anakamua mbuzi.

Asubuhi tulikwenda Kisii watatu, mimi, Drusilla na Linda. Bonareri hakuja. Alisema ana kazi ya Dorkasi, chama cha akina mama wa kanisa, ya kutembelea wagonjwa.

Akong'o alitupokea kwa tabasamu. Drusilla hakukaa. Kiswahili chake ni cha sokoni, na siku hiyo kilimtoka kikiwa kimevunjika kuliko siku zote.

"Daktari, mimi nimekosa. Hiyo dawa nilikuwa napatia watu."

"Watu gani, mama?"

"Wamama wa egesangio. Wale tunachuma na wao majani."

"Wangapi?"

"Wote," akasema Drusilla. "Na huyu Linda ako na mimba."

Akong'o alisimama. Sikumwona tena yule msichana wa kuongea polepole. Alimchukua Linda mwenyewe, hakumtuma muuguzi, wakaenda kupimwa damu na kupigwa picha ya tumbo. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Drusilla alikuwa ameweka mikono mapajani, anaitazama. Ilikuwa mikono mizuri siku hiyo, karibu mizuri kabisa.

Waliporudi, Linda alikuwa analia na kucheka. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga. Akong'o alisema kilichopita kwenye ngozi ya kiganja kwa tone moja moja huenda kilikuwa kidogo mno, lakini asingeahidi kitu, Linda angerudi kwake apimwe hadi ajifungue. Akampa vidonge vya kujenga damu na mtoto. Akamkataza odowa pia, na hilo ndilo lililomuumiza Linda zaidi.

Kisha akamgeukia Drusilla, akakaa karibu naye kwenye benchi.

"Mama, mimi nilikuwa nimesema juu yako kwamba dawa imekusaidia nusu. Nilikuwa nashangaa kwa nini nusu. Ulikuwa unabaki na kiasi gani?"

Drusilla akaonyesha kwa ncha ya kidole. Ilikuwa tone, kama la wenzake. Aligawa kwa haki, mjinga huyu, alijiwekea sawa na mwenye kuumwa kichwa.

Akong'o aliishika ile mikono, akavigusa vifundo. "Basi ilikuwa inafanya kazi," akasema. "Kwa kiasi hicho, na uvimbe bado umeshuka hivi. Kwako ilikuwa inafanya kazi vizuri sana."

"Inafanya kazi?" Drusilla akauliza, na uso wake ukafunguka.

"Ilikuwa inafanya. Lakini siwezi kukupatia tena, mama. Waliotoa kibali cha utafiti huu hawataniruhusu. Dawa ikishatoka kwa mtu kwenda kwa wengine, huyo mtu anaondolewa. Nitakutafutia vidonge vingine ambavyo ini lako litaweza kuvumilia. Havitakuwa kama hii."

Hapo nilifungua mdomo wangu. Nilimwambia Akong'o kwamba utafiti wao unatafuta watu waaminifu kwa tochi, na walipompata mmoja aliyekuja mwenyewe kusema ukweli wanamtupa nje, na wale wanaodanganya wanaendelea kupakwa. Nilimwambia vipovu vyao ni vidogo lakini akili za waliotunga sheria hiyo ni ndogo zaidi, na hizo hata darubini haitaziona. Hakunikasirikia, jambo lililonikasirisha mara mbili. Macho yake yalikuwa mekundu. Drusilla alifungua mkoba, akatoa tyubu mbili ambazo hazijafunguliwa, akaziweka mezani. Hakuna aliyemwomba. Laiti ningejua ziko humo ningezikalia.

Nilidhani mlima utamshukuru. Ningali na ujinga wangu mahali fulani. Bonareri aliposikia Linda amepimwa, kwanza alipiga vigelegele vya mjukuu. Kufikia Sabato alikuwa amebadilisha wimbo. Alisimama mbele ya akina mama wa Dorkasi, akalia machozi ya kweli, akasema Mama Mose alimpaka mkwe wake dawa ya kuharibu mimba, na kama si Mungu kuingilia angeua kizazi cha Sylvanus. Wale wale waliokuwa kwenye mstari walikuwa wamekaa pale, na magoti yao, na shingo zao, na mapaji yao ya uso. Hakuna aliyesema kwamba mikono aliinyoosha mwenyewe. Waliguna kwa huruma. Mmoja alimpa Bonareri leso.

Kile kingine, kile cha uchawi, hakikutajwa tena, nashukuru kwa hilo. Nyumba ya kaka yangu imesimama. Sasa Drusilla alikuwa mtu wa dawa hatari tu, na mtu wa dawa hatari haitwi kwenye zamu. Egesangio waliacha kuchuma kwake. Walisema ni kwa usalama wa vijana. Linda peke yake alikuja siku moja na kikapu, akachuma mstari mzima kabla mama mkwe wake hajamwita kutoka njiani, akamwita hadi akaenda. Mimi na Omwenga tunachuma tunachoweza. Majani mengine yanakomaa yanakuwa magumu, na chai ikishakuwa ndefu hivyo haiuziki.

Vidonge vipya vinamsaidia Drusilla kidogo. Akong'o humwona bado, nje ya utafiti, na hukaa naye muda mrefu kuliko anavyopaswa. Jeli yao inaendelea kujaribiwa kwa wengine, na nasikia wanapona. Drusilla akiambiwa hivyo hufurahi. Mimi huenda nje. Vidole vya mkono wa kushoto vimeinama sasa, vyote vinne vimelalia upande wa nje, na vya kulia vimeanza kuvifuata.

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni kwake nachambua maharagwe. Mlango ukapigwa hodi, na ilikuwa hodi ya sauti ya chini, nikajua kuna ubaya. Alikuwa Bonareri. Alikuwa amebeba mkungu mdogo wa ndizi, zile nzuri za kuiva, amefunika kwa leso. Aliuweka mezani. Aliuliza habari za Mose, habari za Omwenga, habari za mvua. Alimsifu Drusilla kwa unene ambao hana. Mimi sikusalimiwa, na sikuhitaji.

Halafu akavuta kiti karibu. "Bono, sasa, Mama Mose," akasema. "Sisi ni watu wa nyumba moja. Maneno ni maneno. Ile jeli yako, hakuna hata kidogo kilichobaki? Hili goti halinilazi. Siku zile lilikuwa limeniacha kabisa."

Niliacha maharagwe. Nilimngoja Drusilla aombe radhi, kama kawaida yake, kwa kutokuwa na kitu cha kumpa. Nilikuwa tayari nimevuta pumzi nijibu badala yake.

Drusilla aliweka mikono yake yote miwili mezani, kando ya ndizi, akaiacha hapo. Bonareri alitazama ndizi, akatazama dirisha, akatazama kalenda ya ukutani.

"Ilibaki, Mama Sylvanus," Drusilla akasema. "Zilibaki tyubu mbili nzima. Nilizirudisha siku ile niliyompeleka mjukuu wako."

"Huwezi kumwomba daktari akuongeze?"

"Hapana."

Lilikuwa neno moja, na lilitoka bila kutetemeka. Bonareri alingoja lifuatwe na jingine la kulilainisha, kama lilivyozoea kufuatwa. Halikufuatwa. Alikaa bado kidogo, akisugua goti. Kisha akainuka, akaurudisha mkungu wake wa ndizi mkononi, akaufunika kwa leso na kuondoka nao.

Drusilla alianza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtiririka mashavuni, akainua mkono ayafute, na vidole havikufika vinapotaka kufika. Nikanyanyuka nikamfuta mimi.